Somo la 12: Kununua Nyumba kwa Dalali

Watu wengi wa Sigino wamejenga nyumba zao wenyewe. Wamefyatua matofali, wamechoma tanuru, wamenunua bati moja moja kila baada ya mavuno. Lakini siku hizi wako pia wanaonunua nyumba iliyokwisha kujengwa.

Sigino ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Babati, na mji huo unakua. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulianzishwa, na Babati ikawa makao makuu ya mkoa. Mwaka 2018 barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa. Watu wanakuja kufanya kazi na biashara. Kila anayekuja anahitaji mahali pa kulala. Ndiyo maana madalali wa nyumba na viwanja ni wengi.

Dalali ni nani?

Dalali ni mtu wa kati. Humkutanisha anayeuza na anayenunua. Biashara ikikamilika, hulipwa ujira. Kazi yake ina faida. Dalali mwema anajua nyumba zinazouzwa na anajua bei. Anakuokolea muda na nauli.

Lakini tukumbuke jambo moja. Dalali si mwenye nyumba. Wala si afisa ardhi. Yeye anakuonyesha nyumba. Hawezi kukupa haki ya kukaa ndani yake. Haki hiyo hutoka kwa mwenye nyumba, na huthibitishwa ofisini. Kwa hiyo mchague dalali vizuri, kisha hakikisha mambo wewe mwenyewe.

Kwanza: Jitayarishe nyumbani

Kabla ya kumtafuta dalali, kaa na familia yako. Mume, mke na watoto wakubwa wazungumze pamoja. Tunataka nyumba ya nini? Ya kuishi au ya kupangisha? Iwe karibu na shule? Maji yako wapi? Tuna fedha kiasi gani?

Kisha andika hesabu. Wahenga wa kisomo wanasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tuchukue mfano wa mume na mke waliouza mahindi na mbaazi kwa misimu minne. Wameweka akiba ya shilingi 9,000,000. Wamepatana na dalali kumlipa shilingi 5 kwa kila shilingi 100 za bei. Hesabu yao ni hii:

Bei ya nyumba: 7,500,000
Ujira wa dalali: 375,000
Wakili na maandishi: 200,000
Ushuru na ada: 150,000
Matengenezo: 500,000
Jumla: 8,725,000
Akiba inayobaki: 275,000

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Lakini zinatufundisha jambo. Mwenye shilingi 9,000,000 hawezi kununua nyumba ya shilingi 9,000,000. Akifanya hivyo, atakosa fedha za maandishi. Na nyumba isiyo na maandishi huleta kesi.

Pili: Mchague dalali

Waulize watu waliokwisha kununua nyumba. Nani aliwahudumia? Aliwaambia kweli? Mtafute mtu anayejulikana, mwenye makazi yanayojulikana. Zungumza na madalali wawili au watatu. Usimchukue wa kwanza kwa sababu ana maneno matamu.

Muulize kila dalali maswali haya:

1. Unakaa wapi, na umewauzia nani hapa kwetu?
2. Mwenye nyumba ni nani, na nitaonana naye lini?
3. Ujira wako ni kiasi gani? Nalipa mimi, analipa muuzaji, au tunalipa wote?
4. Je, unataka fedha ya kunionyesha nyumba, hata nisiponunua?
5. Bei uliyonitajia ndiyo aliyosema mwenye nyumba?

Swali la tano ni muhimu sana. Madalali wengine huongeza fedha juu ya bei ya mwenye nyumba. Fedha hiyo huitwa cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni sita, dalali anasema milioni saba na nusu. Dawa yake ni moja: bei itajwe na mwenye nyumba mwenyewe, mbele yako na mbele ya dalali.

Sasa soma mazungumzo haya. Mama mmoja anazungumza na dalali.

Dalali: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, kijana wangu. Hujambo?

Dalali: Sijambo. Nyumba imepatikana, mama. Vyumba vitatu, bati jipya. Milioni saba na nusu. Lakini kuna mtu mwingine anakuja kesho asubuhi. Toa laki tano leo, nikushikie.

Mama: Mwenye nyumba yuko wapi?

Dalali: Yuko safarini. Mimi ndiye nimeachiwa kila kitu.

Mama: Na mke wake?

Dalali: Yupo. Lakini mambo haya ni ya mwanaume mwenyewe.

Mama: Basi, mwanangu, mwenye nyumba akirudi utuite. Nitakuja na mume wangu na mzee mmoja wa jirani.

Dalali: Mtu wa kesho atakuwahi, mama!

Mama: Aniwahi. Nyumba nyingine zipo. Fedha hii tumeilimia misimu minne.

Mama huyu alitambua dalili tatu za hatari. Dalali alimharakisha. Dalali alitaka fedha kabla ya kumleta mwenye nyumba. Na dalali alitaka kumficha mke. Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, simama. Haraka haraka haina baraka.

Tatu: Hakikisha mwenyewe

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma. Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo unaponunua nyumba, hununui kuta tu. Unahamishiwa haki ya mtu mwingine. Lazima ujue kama anayo.

Uliza mambo haya:

Je, ni ardhi ya kijiji au ya mtaa wa mji? Mji wa Babati una mitaa na vijiji pia, na sheria zake si moja. Ardhi ya vijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Ardhi ya mjini inaongozwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo.

Kama ni kijijini, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Uliza kama muuzaji ana hati ya hakimiliki ya kimila, na kama anatambuliwa. Muuzaji hapaswi kuhamisha haki yake kwa siri. Lazima aiarifu halmashauri ya kijiji. Kama mnunuzi ni mtu wa nje ya kijiji, halmashauri iridhie. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Na kama ni ardhi tupu ya kijiji inayogawiwa, halmashauri ya kijiji haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Kama ni mjini, nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji. Uliza kama kiwanja kimepimwa, na kimeandikwa kwa jina la nani. Kama kina hati, omba upekuzi ufanywe kwa Msajili wa Hati. Upekuzi huonyesha jina la mwenye hati. Pia huonyesha kama hati imewekwa rehani benki. Usiridhike na nakala iliyo mkononi mwa dalali.

Je, mke au mume wa muuzaji amekubali? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mnunuzi aulize kama ridhaa hiyo ipo. Usipouliza, mke anaweza kwenda kudai haki yake, nawe ukaipoteza nyumba. Tena fikiri: mama yule na watoto wake watalala wapi? Aje, aseme kwa kinywa chake, atie sahihi.

Je, mwenye nyumba amefariki? Basi mtoto wake mkubwa hawezi kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe barua ya uteuzi wake. Zungumza pia na mjane na warithi wengine.

Je, majirani wanaijua mipaka? Zunguka kiwanja pamoja na majirani wa pande zote nne. Onyeshwa mawe ya mpaka, miti au mfereji. Wakati wa operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, watu wengi nchini walihamishwa, na mashamba ya zamani wakapewa wengine. Ndiyo maana mahali pengine familia mbili hudai ardhi moja. Karatasi inaweza kunyamaza, lakini mzee wa jirani anakumbuka.

Je, nyumba iko mahali salama? Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Hivyo ndivyo ilivyowekwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi inaweza kubomolewa. Karibu na mto au ziwa, acha mita 60 kutoka ukingoni, kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Pima kwa miguu yako. Hatua moja kubwa ya mtu mzima ni karibu mita moja.

Angalia pia njia ya maji ya mvua. Tarehe 3 Desemba 2023, maji, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang. Yaliangukia Katesh na vijiji vya jirani, humu humu mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba nyingi zilizolewa. Usinunue nyumba wakati wa kiangazi bila kuwauliza majirani maji hupita wapi wakati wa masika.

Nne: Andika, soma, kisha lipa

Mambo yote yakiwa sawa, andikeni mkataba. Ni vizuri wakili auandike, au ausome kabla hujatia sahihi. Mkataba uonyeshe:

Jina la muuzaji na la mwenzi wake.
Jina la mnunuzi. Kama mnanunua mume na mke, yaandikwe majina yote mawili.
Mahali nyumba ilipo, ukubwa wa kiwanja, na majirani wa pande nne.
Bei kwa tarakimu na kwa maneno.
Fedha zilizolipwa leo, zilizobaki, na tarehe ya kuzimaliza.
Sahihi za mashahidi wa pande zote mbili.
Tarehe.

Mlipe mwenye nyumba, si dalali. Ni salama zaidi kulipa kwa benki, ili ushahidi ubaki. Dai stakabadhi kwa kila malipo. Ujira wa dalali uandikiwe karatasi yake, naye alipwe kazi ikiisha. Baada ya hapo nenda ofisini ukamilishe kuhamisha haki. Mkataba peke yake si mwisho wa safari.

Ndugu msomaji, zamani watu wengi walitia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Wengine walipoteza ardhi ya baba zao kwa dole moja. Wewe sasa unajua kusoma. Mtu akikuambia, "Tia sahihi tu, nitakueleza baadaye," mwambie, "Ngoja nisome." Soma mstari kwa mstari. Neno usilolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Maneno ya kujifunza

Dalali: mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ujira.
Cha juu: fedha ambayo dalali huongeza juu ya bei ya mwenye mali.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.
Upekuzi: kutafuta habari za hati katika daftari la serikali.
Rehani: mali iliyowekwa kuwa dhamana ya mkopo.
Msimamizi wa mirathi: mtu aliyeteuliwa kusimamia mali ya marehemu.

Maswali ya mazungumzo

1. Dalali anaweza kukupa nini? Hawezi kukupa nini?
2. Kwa nini mama katika mazungumzo hakutoa laki tano?
3. Kwa nini sheria inataka mke au mume wa muuzaji akubali?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani wanaoijua vizuri mipaka ya viwanja?
5. Nyumba yenu iko hatua ngapi kutoka barabarani au mtoni?

Zoezi la hesabu

Dalali anataka shilingi 5 kwa kila shilingi 100. Bei ya nyumba ni shilingi 6,000,000. Atalipwa kiasi gani? Kama aliongeza cha juu cha shilingi 1,500,000 bila wewe kujua, umepoteza mifuko mingapi ya saruji? Tumia bei ya saruji ya duka lililo karibu nanyi.

Zoezi la kuandika

Nakili katika daftari lako mambo saba ya mkataba. Kisha andika mkataba wa mfano pamoja na mwenzako. Mmoja awe muuzaji, mwingine awe mnunuzi. Usomeni kwa sauti mbele ya darasa. Darasa liseme nini kimesahauliwa.