Mawazo Yanayokuja Bila Kuitwa

Mama mmoja alizaa vizuri. Siku ya kumi, alipokuwa akikata lengalenga, wazo likamwingia: «Kama kisu hiki kingemchoma mtoto?» Akatetemeka. Akaficha visu vyote, akakataa kumwogesha mtoto akiwa peke yake. Hakumwambia mtu, sababu aliogopa watu watasema yeye ni mlozi.

Je, mama huyu ni mubaya? Hapana. Wazo la namna hii linawafikia wamama wengi. Katika utafiti mmoja wa Kanada, uliotoka mwaka 2008, karibu nusu ya wamama waliozaa karibuni walisema walipata wazo la kumwumiza mtoto kusudi. Linatuogopesha sababu tunampenda mtoto.

Sababu gani kulifukuza hakusaidii?

Mwaka 1987, mwalimu wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi: kwa dakika 5 musiwaze dubu mweupe, ule nyama mkubwa wa inchi za baridi. Kila mara mukimwaza, pigeni kengele. Kengele ikalia mara kwa mara. Kisha walipopewa ruhusa ya kumwaza, walimwaza kupita wenzao ambao hawakukatazwa mbele. Ni hivi: ili kujua kama wazo limeondoka, tunalitafuta; na tukilitafuta, tunalikuta.

Mama, ufanye nini?

1. Usipigane na wazo. Sema: «Hili ni wazo tu, si tendo.» Uliache lipite kama mtu anayepita njiani.
2. Endelea na kazi yako. Mwogeshe mtoto, mnyonyeshe.
3. Mwambie mtu unayemtumainia. Kama mawazo hayapungui, kuja kliniki utuambie. Hatutakucheka.
4. Mtoto akilala, lala na wewe. Uchovu unazidisha mawazo.

Angalisho kubwa

Kama mama anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, halali kabisa, anasema mtoto ni pepo, ao anataka kweli kumwumiza mtoto ao kujiua, huo ni ugonjwa mwingine. Musimwache peke yake na mtoto. Musimpige, musimfunge kamba. Mumlete hospitali siku ile ile, hata usiku. Dawa iko, na wengi wanapona.

Maulizo

1. Wanafunzi walikatazwa kuwaza nini? Ikawa namna gani?
2. Utamwambia nini rafiki yako anayeficha visu?