Bibi Anapoanza Kusahau



Katika jumuiya zetu, kuanzia Mikindani na Msimbati mpaka Kilambo kwenye mto Ruvuma, wazee husema, "Siku hizi nasahau sana, naogopa." Wana nyumba hujibu, "Ni uzee tu," na wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Mwezi huu tujifunze ukweli wa jambo hili.

Kusahau ulipoweka ufunguo, kisha ukakumbuka, si ugonjwa. Lakini mzee akipotea njia ya shamba lake mwenyewe la mikorosho, au akiuliza swali lilelile kila mara, huenda ubongo wake unaugua. Si uchawi, wala si adhabu ya Mungu. Mwaka 2010 wazee wa miaka 70 na zaidi walipimwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Karibu 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Je, tukae tu? Hapana. Hukohuko Hai, baadaye, wagonjwa walikutanishwa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki 7, kwa mazungumzo na michezo ya kuamsha akili. Akili zao zilichangamka na wasiwasi ulipungua. Nako Finland, mwaka 2015, ilionekana kwamba wazee waliofuata kwa miaka 2 chakula bora, mazoezi, michezo ya akili na kupimwa presha walikuwa na akili nzuri kuliko wenzao waliopewa ushauri tu.

Sisi tumezoea kukutana kila wiki katika jumuiya. Basi tuwatengee wazee siku yao, chini ya mwembe, na jirani Mwislamu naye aalikwe. Kusahau hakuchagui dini. Tufanye hivi:

1. Tumwombe mhudumu wa zahanati awapime presha. Presha na kisukari huharibu mishipa ya damu ya ubongo.

2. Watembee pamoja, kila mtu kwa nguvu zake.

3. Wacheze bao, wategeane vitendawili, wasuke mikeka, wasimulie wajukuu habari za zamani.

4. Wale samaki, kunde, mboga za majani na matunda. Chumvi ipunguzwe, tumbaku na pombe ziachwe.

5. Asiyesikia au asiyeona vizuri apelekwe kupimwa. Asiyesikia hujitenga, na upweke hudhoofisha akili.

Angalieni: mzee akichanganyikiwa ghafla, akiwa na homa, au upande mmoja wa mwili ukilegea, msingoje siku ya kikundi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Kikundi hakiponyi kila kitu. Lakini mzee anayefichwa ndani huzidi kudhoofu, na anayeitwa kwa jina lake kati ya wenzake hupata nguvu.

Kwa kujadili nyumbani: Ni mzee gani wa mtaa wetu ambaye hatujamwona mwezi huu? Nani atakwenda kumchukua?