Vijidudu Vilivyolala: Somo la Afya kwa Waendao Uingereza na kwa Jamaa Zao

Siku hizi vijana wengi wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki huenda Uingereza, wengine kusoma, wengine kufanya kazi. Mwaka 2021 Serikali ya Kenya na Serikali ya Uingereza zilipatana ili wauguzi na watu wengine wa kazi za hospitali waweze kwenda huko kwa utaratibu uliowekwa. Kijana anapotaka kusafiri, mara nyingi chifu na mwalimu ndio wa kwanza kuulizwa shauri. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jambo moja la afya ambalo huwatia watu hofu bure.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana hupimwa kifua kabla ya safari, akaambiwa ni mzima, akapewa cheti. Baada ya kufika Uingereza huitwa na daktari, hutolewa damu kidogo, kisha huambiwa ya kuwa vijidudu vya kifua kikuu vimo mwilini mwake. Hapo moyo wake hufadhaika. Hudhani daktari wa kwanza alikosea, au wa pili anaongopa, au kwamba watu wanatafuta sababu ya kumrudisha kwao. Basi aweza kuificha habari hiyo hata kwa mkewe, na dawa apewayo asiimeze. Sisi twasema madaktari wote wawili wamenena kweli, nasi tutaonyesha sababu yake.

Kuwa na vijidudu si kuwa mgonjwa

Kifua kikuu huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Daktari Robert Koch wa Ujerumani ndiye aliyetangaza kuvigundua, tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani, na mtu akaaye naye katika chumba kisichopitisha hewa vizuri huvivuta ndani.

Lakini si kila avivutaye huugua. Mara nyingi nguvu za mwili huvizingira na kuvifunga, navyo hukaa humo miaka mingi kama vitu vilivyolala. Mtu huyo hakohoi, hakondi, hana homa, tena hafanyi kazi kwa taabu. Na neno kubwa kuliko yote ni hili: hawezi kumwambukiza mtu yeyote.

Kila mama wa nyumba anao mfano wake jikoni. Usiku hufukia kaa la moto katika majivu. Ukitazama mekoni huoni mwali wala moshi, na hakuna aunguaye. Lakini asubuhi akilifukua na kulipuliza, moto huwaka. Vijidudu vilivyolala ni kama kaa hilo. Mwili ukidhoofika vyaweza kuamka, ndipo mtu anapoanza kukohoa, kutoka jasho usiku na kukonda, na kuwaambukiza wengine.

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa robo hivi ya watu wote wa dunia wamepata kuambukizwa vijidudu hivi. Katika kila watu 100 walio navyo, 5 hadi 10 tu ndio wataugua katika maisha yao. Hatari ni kubwa zaidi katika miaka 2 ya kwanza baada ya kuambukizwa. Tena ni kubwa sana kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, na huongezeka kwa mwenye kisukari na kwa mtu asiyepata chakula cha kutosha.

Vipimo viwili, maswali mawili

Sasa tutazame vipimo vyenyewe. Mtu wa nchi zetu atakaye kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 hana budi kupimwa kwanza huku kwetu, kama vile Nairobi. Hupigwa picha ya kifua kwa eksirei, na picha ikitia shaka, makohozi yake huchunguzwa. Kipimo hiki chauliza swali moja tu: Je, mtu huyu anaugua kifua kikuu cha mapafu sasa? Picha haiwezi kuonyesha kaa lililofukiwa katika majivu.

Kipimo cha damu chauliza swali jingine: Je, mwili huu umepata kukutana na vijidudu hivi? Damu hutiwa pamoja na protini zifananazo na za vijidudu. Chembe nyeupe za damu zilizokwisha kuvijua hutoa kemikali fulani, nayo hupimwa. Kiko pia kipimo cha zamani, cha kudungwa sindano ndogo katika ngozi ya mkono, kisha kuutazama uvimbe baada ya siku 2 au 3. Lakini kipimo hicho chaweza kudanganywa na chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu wengi hupewa wangali wachanga. Cha damu hakidanganywi na chanjo hiyo, wala hakimlazimu mtu kurudi ili asomwe mkono.

Basi kijana yule aliambiwa Nairobi kwamba si mgonjwa, na ni kweli. Aliambiwa Uingereza kwamba vijidudu vimelala mwilini mwake, na hiyo nayo ni kweli. Lakini hata kipimo cha damu hakiwezi kumwambia nani ataugua na nani hataugua.

Kwa nini wageni hupimwa

Zamani wageni walipigwa picha ya kifua katika viwanja vya ndege vya Heathrow na Gatwick. Mwaka 2012 Serikali ya Uingereza ilianza kuiacha desturi hiyo, ikaagiza picha ipigwe kabla ya safari. Hata hivyo madaktari waliona jambo moja. Katika Uingereza yenyewe, wagonjwa wa kifua kikuu zaidi ya 7 katika kila 10 ni watu waliozaliwa nchi nyingine, na wengi wao hawakuwa wagonjwa siku waliyofika. Waliugua miaka kadhaa baadaye, kwa vijidudu walivyovichukua bila kujua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa kuwapima damu wageni. Ulipoanza uliwahusu watu wa umri wa miaka 16 hadi 35, waliotoka Afrika kusini ya Sahara au nchi nyingine zenye ugonjwa huu kwa wingi, nao wawe wamefika katika miaka 5 iliyopita. Vijana walichaguliwa kwa kuwa wana miaka mingi mbele yao ambayo vijidudu vyaweza kuamka, tena miili yao huzistahimili dawa vizuri kuliko ya wazee.

Habari za dawa

Mtu akionekana ana vijidudu, daktari humchunguza tena ili ahakikishe kwamba hajaanza kuugua. Kisha aweza kupewa rifampisini na isoniazidi kila siku kwa miezi 3, au isoniazidi peke yake kwa miezi 6. Dawa hizi si ngeni kwetu. Majaribio ya kufupisha matibabu ya kifua kikuu kwa kuzitumia pamoja na nyingine yalifanywa katika hospitali za Afrika ya Mashariki, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1972.

Mezaji aonywe mambo haya. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Hilo si damu, asiogope. Lakini dawa hizi zaweza kudhuru ini. Macho yakiwa ya manjano, au akitapika na kukosa hamu ya chakula, aache dawa na kumwona daktari siku ile ile. Apunguze pombe, au bora aiache kabisa. Na mwanamke atumiaye vidonge vya kuzuia mimba amwambie daktari mapema, kwa kuwa rifampisini huvipunguzia nguvu; kadhalika mtu atumiaye dawa za UKIMWI.

Mashaka ya watu

Wengine huuliza, "Nikikutwa na vijidudu, je, nitafukuzwa?" Sivyo. Kipimo hiki ni cha hiari, na jibu lake haliondoi ruhusa ya mtu ya kukaa nchini. Aendelee na kazi yake, hata kama ni muuguzi. Tena matibabu ya kifua kikuu hayalipiwi katika hospitali za serikali huko, hata na mgeni.

Wengine husema, "Mimi sina maumivu, ya nini kumeza dawa miezi mitatu?" Swali hili si la mpumbavu, maana wengi walio na vijidudu hawataugua kamwe. Lakini aufikirie upande wa pili. Akiugua katika nchi ya ugeni, atakohoa wiki nyingi kabla ya kujulikana, na walio karibu naye, yaani mkewe na watoto wake, ndio watakaovuta vijidudu kwanza. Matibabu ya ugonjwa wenyewe huchukua miezi 6 au zaidi, kwa dawa nyingi zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala mtu asidhani ya kuwa akimaliza dawa amekingwa milele. Akirudi nyumbani kutazama wazee, akakaa na mgonjwa akohoaye, aweza kuambukizwa tena.

Mwisho twawaomba machifu na walimu mambo mawili. Kwanza, barua au simu ikija kutoka ng'ambo yenye habari hii, wawafahamishe wazazi ya kuwa mtoto wao si mgonjwa wala hatari kwa mtu, bali yampasa kusikiliza daktari na kumaliza dawa akipewa. Pili, wasiache kutazama nyumbani. Mtu akohoaye kwa wiki 2 au zaidi apelekwe hospitali mara moja, maana vijidudu vinavyolala katika vifua vya vijana wetu wakiwa London, mara nyingi walivivuta hapa hapa, katika nyumba zetu.