SOMO LA NYUMBANI: Kilichotangulia Kuingia Ndicho Kitangulie Kutoka



Kila aliyefanya kazi kiwandani anamjua mtunza stoo. Gunia haliingii bila kuandikwa, wala halitoki bila kuandikwa. Mali ya zamani hutolewa kwanza, mpya hungoja zamu yake. Lakini tukifika nyumbani, chakula tulichonunua kwa jasho letu hatukiwekei utaratibu wowote.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, bei ya maharage iliposhuka hapa Kigali baada ya mavuno, nilinunua kilo 20. Ndani ya gunia nyumbani yalikuwamo mabaki ya mavuno ya Januari. Nikamimina mapya juu ya ya zamani. Mwezi wa Septemba mama watoto akaniletea ungo: karibu kila punje ilikuwa na tundu. Wadudu wa yale ya zamani walikuwa wamehamia katika mapya. Nikahesabu siku nilizofanya kazi kuyapata, zilikuwa tano. Siku tano nilimfanyia kazi mdudu.

Je, tuache kuweka akiba? Hapana. Nchini Rwanda maharage huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Januari na kuanzia Juni. Baada ya mavuno bei hushuka, kisha hupanda tena kabla ya mavuno yanayofuata. Anayeweza kununua wakati wa nafuu na kutunza vizuri, ameongeza thamani ya mshahara wake. Basi tufuate haya:

1. Kagua kabla ya kuweka. Chagua, pepeta, anika juani mpaka nafaka ikauke kabisa. Usichanganye mpya na ya zamani.

2. Funga pasipite hewa. Ndoo au dumu kavu lenye mfuniko wa kukaza, lililojazwa mpaka juu, huwanyima wadudu hewa nao hufa. Usilifungue kila siku. Toa chakula cha wiki moja, weka katika kopo dogo.

3. Andika mwezi. Kipande cha karatasi na kalamu vyatosha. Cha zamani kiwe mbele, kipya nyuma. Maharage yaliyokaa sana huwa magumu, nayo hula makaa mengi jikoni. Hiyo ni hasara ya pili.

4. Kila chakula na muda wake. Unga wa mahindi hauvumilii kama punje, kwa kuwa mafuta yake huchacha. Saga kidogo kidogo. Viazi viwekwe gizani penye hewa. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu.

5. Inua kutoka sakafuni. Weka magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, hasa wakati wa masika.

6. Chakula chenye ukungu kitupwe. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, mengi yakiwa yamehifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Usiwape kuku mahindi hayo, wala usiyapikie pombe.

Kazi hii isiachiwe akina mama peke yao. Baba akague stoo siku ya kupokea mshahara, kabla ya kwenda sokoni, ili anunue kilichopungua, si kilichopo tayari.

Neno la mwisho, ndugu zangu. Asitokee mtu akasema kwamba wafanyakazi wakitunza chakula, mshahara unatosha. Stoo nzuri haijazi sufuria isiyo na kitu. Tutaendelea kudai haki yetu mezani kwa umoja. Lakini kile tulichokwisha kukidai na kukipata, tusikubali kiliwe na mdudu.

Maswali ya kujadiliana katika tawi:

1. Mwezi uliopita ulitupa chakula gani? Ulikifanyia kazi siku ngapi?

2. Je, wafanyakazi watano wanaweza kuchanga na kununua gunia moja wakati wa mavuno, kisha wakagawana?

3. Nani katika tawi letu ni mtunza stoo? Atufundishe namna anavyoandika daftari lake.