Maneno ya Kiingereza: "Herd" na "Flock"

Katika Kiswahili neno "kundi" latosha kwa ng'ombe, kondoo na ndege. Kiingereza hutenganisha. "Herd" ni kundi la wanyama kama ng'ombe au tembo. "Flock" ni kundi la kondoo au ndege. Kundi la mbuzi laweza kuitwa kwa neno lolote kati ya haya mawili.

Lakini mwandikaji na aangalie sana atajapo watu. Mchungaji wa kanisa akiwaita waumini wake "flock", amewaita kwa upendo, kama kondoo anaowatunza. Bali mtu akiwaita watu "herd", amewadharau, yaani wafuatana tu bila kufikiri. Basi atakayeandika barua kuwasifu watu waliojaa barazani, na atumie "crowd", asije akawatukana aliokusudia kuwaheshimu.