Kifuniko cha Pikapu: Kufunika na Kufunua

Jumamosi iliyopita niliuliza darasani: kinyume cha "kufunika" ni nini? Nusu ya darasa ikajibu, "kutoa kifuniko". Bibi yako akikusikia atakuelewa, hilo sina shaka. Lakini Kiswahili kina neno moja fupi la kazi hiyo, nalo ni kufunua. Leo tutalisoma neno hilo na ndugu zake kwa kumfuata mzazi mmoja wa shule yetu aliyejitengenezea kifuniko cha mbao cha pikapu yake.

Mzazi huyu ni fundi seremala, mwenyeji wa Tanga. Gari lake hulala barabarani, kwenye mtaa mdogo unaotokea Kilburn High Road, kwa sababu nyumba nyingi za huku hazina ua wa kuegesha gari. Nyuma ya pikapu alikuwa akifunika kwa turubai na kamba. Usiku mmoja wa Novemba mtu alilichana turubai kwa kisu. Asubuhi msumeno wa umeme haupo, drili haipo, na randa aliyopewa na mwalimu wake wa ufundi haipo. Drili inanunulika. Randa ile haina duka. Wiki nzima alifanya kazi kwa zana za kuazima, na anayeishi kwa mikono yake anajua wiki kama hiyo ina urefu gani.

Vifuniko vya kiwandani vipo, ila bei yake ilimshinda. Akaamua kutengeneza mwenyewe, Jumapili mbili, msaidizi wake akiwa binti yake wa miaka kumi.

BINTI: Shikamoo baba.
BABA: Marahaba mwanangu. Umekuja kufanya kazi au kutazama?
BINTI: Nimekuja kushika futi.
BABA: Haya, shika huku. Soma.
BINTI: Urefu sentimita 152. Upana 154.
BABA: Soma tena. Pima mara mbili, kata mara moja.

Futi hapa ni ule utepe wa kupimia. Mafundi wa Tanzania huuita hivyo hata ukiwa na sentimita tupu. Wakenya wengi husema tepu. Yote mawili yanakubalika darasani kwetu.

Sasa hesabu, na hapa binti alimbishia baba yake. Shiti moja ya plaiwudi ina sentimita 244 kwa 122, yaani eneo la sentimita za mraba 29,768. Kifuniko kinahitaji 152 mara 154, yaani 23,408. "Baba, shiti moja inatosha na nyingine inabaki!" Kwa eneo, ni kweli. Lakini shiti ina upana wa 122, na pikapu haina upande hata mmoja ulio chini ya 150. Ukitaka shiti moja itoshe, utakata kipande cha 154 kwa 122, halafu ukanda uliopungua wa 154 kwa 30 utauunga kwa vipande viwili kutoka kwenye masalio. Inawezekana, chukueni karatasi mjaribu. Fundi alikataa kwa sababu moja: kila kiungo ni mlango wa maji, na hapa London mvua haibishi hodi. Akanunua shiti mbili za unene wa milimita 12, akakata vipande viwili vya 154 kwa 76, cha mbele na cha nyuma.

Cha mbele hakifunguki. Cha nyuma kimeshikwa nacho kwa bawaba, kikifunguka kuelekea juu. Ukikadiria kwamba mita moja ya ujazo ya plaiwudi ina kilo 600, vipande vyote viwili vina karibu kilo 17, kwa hiyo kile cha nyuma ni kilo 8 na nusu hivi kabla ya kuongeza mbao za kukikaza. Binti anaweza kukiinua peke yake. Hilo lilikuwa sharti, maana yeye ndiye hutumwa nje kuleta nyundo.

Chini ya vipande kuna fremu ya mbao za mbili kwa tatu. Mbao za pembeni zilipigwa randa (ya kuazima) zikawa na mteremko, mbele juu, nyuma chini, tofauti ya sentimita 4. Dari iliyo sawasawa hutuamisha maji, na maji yaliyotuama hutafuta tundu. Fremu imekalia ukanda wa mpira na kubanwa kwa vibano vya chuma sita. Hakutoboa bodi ya gari, kwa sababu bati likitobolewa na kuachwa wazi huanza kula kutu.

Kingo za plaiwudi zilichukua muda kuliko kitu kingine. Uso wa ubao huu ni mgumu, lakini ubavuni zile tabaka hunywa maji kama sifongo, halafu huvimba na kuachana. Alizipaka gundi ya maji na vanishi, mara tatu, akipiga msasa katikati, kisha akaziba nyufa za fremu kwa silikoni. Alipokuwa akiziba alimwambia binti, "Hii ndiyo kalafati." Wazazi wa pwani watalikumbuka neno. Mafundi wa majahazi hukalafati chombo kwa kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, na sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Silikoni haina harufu ya mafuta ya papa, na majirani wa Kilburn washukuru kwa hilo.

Usiku wa kwanza ilinyesha. Asubuhi wakakuta ndani maji ya kikombe kimoja, chini ya bawaba. Fundi alikuwa ameziba mstari wa bawaba kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya lori, akaupigilia kwenye kipande cha nyuma, ukapanda juu kidogo kuelekea cha mbele. Binti akauangalia, akasema, "Lakini kwa bibi makuti ya juu yanalalia ya chini." Ndivyo ilivyo. Paa la makuti huezekwa kuanzia chini, kila safu ikilaliwa na iliyo juu yake, maji yasipate mdomo wa kuingilia. Wakauvua mpira, wakaupigilia kwenye kipande cha mbele, ukalalia cha nyuma. Haikuvuja tena.

Kuhusu wezi: bawaba hazikufungwa kwa skrubu, kwa sababu skrubu iliyo nje hufunguliwa na yeyote mwenye bisibisi. Zina bolti za kichwa cha mviringo, nati ziko ndani. Kipande cha nyuma kina mdomo unaoning'inia sentimita 3 nje ya mlango wa nyuma wa gari, hivyo mlango hauwezi kuangushwa kabla ya kifuniko kufunuliwa. Kufuli ni moja. Mdomo hauzibi taa wala kibao cha namba, na kampuni ya bima ilijulishwa. Hata hivyo drili mpya bado hulala ndani ya nyumba.

Kufunika pikapu si jambo geni kwetu, ila huko nyumbani walifunika abiria. Matatu nyingi za Kenya za miaka ya 1970, baada ya Rais Kenyatta kuziruhusu mwaka 1973 kubeba watu bila leseni ya uchukuzi, zilikuwa pikapu zilizowekewa bodi na mabenchi na mafundi wa mitaani. Unguja, daladala za shamba ni malori madogo yaliyojengewa paa la mbao, abiria wanatazamana ndani, na mizigo inapanda juu ya paa. Ukienda likizo, tazama jinsi paa lile lilivyoungwa. Mtu alipima mara mbili.

Sasa turudi kwenye sarufi. Vitenzi vingi vya Kiswahili hugeuzwa kinyume kwa kutia sauti ya u: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, panga, pangua. Penye o, sauti hiyo huwa o: chomeka, chomoa. Vile vinavyoishia na -ika huangusha -ik- kwanza: bandika, bandua, anika, anua, funika, funua. Kwa hiyo nguo zilizo kwenye kamba huzitoi, unazianua, hasa wingu likija. Angalieni pia: si kila kitenzi hufuata. Kinyume cha kaza nati ni legeza, wala hakuna "kazua" hapo.

Kazi ya nyumbani. Kwanza, kama fundi angetumia plaiwudi ya milimita 18, kifuniko kizima kingekuwa na kilo ngapi? Pili, ungeni sentensi tano zenye vinyume, angalau moja iwe na mvua. Tatu, muulize mtu mzima nyumbani jina la zana moja ambalo hujawahi kulisikia, ulichore, uandike wingi wake (ubao, mbao, kibano, vibano). Wazazi, hesabu waachieni wenyewe. Kwenye majina ya zana ndipo tunapowahitaji. Madaftari yaje Jumamosi.