SOMO LA MWEZI: RIDHAA YA BABA MTOTO ANAPOASILIWA

Mwezi huu tutazame jambo linalogusa nyumba nyingi za bonde letu, ila husemwa kwa minong'ono tu. Je, mtoto aweza kupewa watu wengine wawe wazazi wake, na baba aliyemzaa asiulizwe?

Kwanza tutenganishe maneno mawili. KULEA ni desturi yetu ya siku zote. Mtoto wa dada hukaa Ifakara kwa mjomba wake apate kusoma. Bibi wa Mlimba hubaki na wajukuu wakati wazazi wao wamehamia mashambani msimu wa mpunga. Mtoto huyo bado ni wa wazazi wake. KUASILI ni jambo jingine kabisa. Mahakama ikiisha kutoa amri ya kuasili, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa mtoto hukoma, hata zile za kimila, na wazazi wapya huzichukua. Katika kulea, mlango wa nyumbani hubaki wazi. Katika kuasili, hufungwa. Basi si ajabu kwamba sheria imeweka mlinzi mlangoni.

Sheria yasemaje? Huku Tanzania Bara twafuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011. Sheria hiyo ya 2009 ilifuta sheria ya zamani ya kuasili, na pia ile iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ikayaweka mambo hayo mahali pamoja. Ombi la kuasili hupelekwa Mahakama Kuu, wala si baraza la kata au ofisi ya kijiji. Afisa Ustawi wa Jamii huchunguza na kutoa taarifa. Mtoto mwenye umri wa kuweza kutoa maoni husikilizwa. Na amri haitolewi ila kwa ridhaa ya wazazi au mlezi wa mtoto. Tuangalie neno hilo: wazazi. Baba naye yumo.

Hata hivyo, mahakama yaweza kuendelea bila ridhaa ya mzazi ikiridhika kwamba:

1. amemtelekeza mtoto, au amekuwa akimtesa, au
2. hapatikani, au
3. hawezi kutoa ridhaa, kwa mfano kwa sababu ya maradhi ya akili, au
4. anakataa bila sababu ya haki.

Anayepima mambo hayo ni jaji. Si mjomba, si bibi, wala si sisi majirani.

Tuchukue mfano. Kijana na binti wa Mang'ula wamepata mtoto bila kufunga ndoa. Kijana anakwenda Kidatu kukata miwa, na kila anapolipwa hutuma fedha za mtoto. Binti anafariki. Bibi ni mzee, nguvu zimekwisha. Wanatokea mume na mke wa mjini, watu wema wasiojaliwa mtoto. Wanaandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mtoto anachukuliwa. Je, ameasiliwa? La. Karatasi ile haikumfanya kuwa mtoto wao, wala haikumwondolea kijana ubaba wake. Wakifika mahakamani wataulizwa: "Baba yuko wapi?" Kujibu kwamba hapatikani, na hali kila mtu ajua yuko Kidatu, ni kuidanganya mahakama. Amri iliyojengwa juu ya uongo yaweza kuja kupingwa, na atakayevutwa huku na huku ni mtoto.

Lakini lipo swali la pili, nalo lamhusu kijana mwenyewe. Mahakama itajuaje kwamba yeye ndiye baba? Zamani, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwaambia waliolifuata kwamba baba aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama yake, au, kabla mtoto hajaachishwa ziwa, kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100. Sheria ya 2009 yatazama mambo mengi zaidi: ndoa halali, jina lake katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoitimiza, kumkiri mtoto mbele ya watu, na kipimo cha vinasaba, yaani DNA. Baba, mama, mlezi, mtoto mwenyewe au Afisa Ustawi wa Jamii aweza kuiomba mahakama itamke mzazi ni nani.

Swali hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, watoto wa Peter Stanley walichukuliwa na serikali mama yao alipofariki, kwa sababu wazazi hawakuwa na ndoa. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ile ilisema baba huyo alistahili kusikilizwa kwanza. Lakini mwaka 1983, katika shauri la Jonathan Lehr wa New York, mahakama hiyo hiyo iliona kwamba hakuwa amejenga uhusiano wa malezi na binti yake, wala hakujiandikisha katika daftari la akina baba. Amri ya kuasili ikabaki. Wote wawili walikuwa baba kwa damu. Kilichowatenga ni matendo.

Basi funzo letu ni hili: ridhaa ya baba ni haki ya kweli, lakini baba asiyejulikana wala kuonekana aiweka haki hiyo hatarini. Ninyi vijana, andikisheni watoto wenu, mtajwe katika cheti cha kuzaliwa. Wapelekeni kubatizwa mkisimama mbele ya watu. Daftari la ubatizo nalo laweza kusaidia kuonyesha kwamba mlimkiri mtoto. Tunzeni risiti za fedha mnazotuma. Ninyi babu na bibi, msitie sahihi mahali pa mwingine. Nanyi mnaotaka kuasili, kazi yenu ni njema. Mordekai alimlea Esta, aliyefiwa na baba na mama. Ila mwanzo wenu uwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, na mkweli asikwepe kumtafuta baba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya kulea na kuasili?
2. Katika mfano wetu, bibi angefanya nini kabla ya kumtoa mjukuu?
3. Katika mtaa wetu, ni watoto wangapi ambao baba yao ajulikana na watu lakini hajaandikwa popote? Twaweza kuwasaidiaje?